Bwana Kiangazi

Katika ofisi ya barabara walimwita Bwana Maji, na mwanzoni jina hilo lilimpendeza kuliko mshahara. Alikuwa ametoka idara ya maji baada ya miaka kumi na minne, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, akarudi darasani na vijana waliomwita mjomba, akahitimu uhandisi wa barabara na kuanza kazi ngazi ya chini kabisa. Wenzake walijua lami na kokoto, yeye alijua mito. Kila ulipoletwa mchoro wa kivuko mtu alisema, "Ngoja aje Bwana Maji," naye alikuja akijifanya hakusikia alivyoitwa.

Kwenye usaili walimuuliza kwa nini anahama fani. Akawasimulia habari za kituo kimoja cha kupima mto, jinsi njia ya kwenda huko ilivyokuwa haipitiki wakati wa mvua. "Nikaona hatuwezi kuyatunza maji kama hatuna barabara ya kuyafikia," aliwaambia. Jopo zima likatikisa kichwa kwa kuridhika, na mmoja wao akaiandika sentensi ile. Mkewe aliposimuliwa usiku ule alimwambia hajawahi kuolewa na mtu mwenye maneno mazuri kama yeye, na wakacheka, maana hajawahi kuolewa na mwingine.

Ukweli ulikuwa hivi. Kazi yake ilikuwa kwenda kwenye mto ule kila wiki, kusoma ubao wa vipimo uliosimikwa ukingoni, na kuandika kimo cha maji kwenye daftari. Kiangazi alikwenda, tena kwa raha zake. Mvua zikianza, aliegesha pikipiki ya ofisi pale njia ya vumbi inapoachana na lami, akaingia mgahawani, akaagiza chai na mayai mawili ya kuchemsha, na kuandika kimo alichoona kinafaa. Mita moja na sentimita arobaini. Wiki iliyofuata arobaini na tatu, ili isionekane kanakili. Alifanya hivyo misimu mitatu ya mvua, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa njia ile ile ilikuwa inajengwa, na pale inapovuka mto palitakiwa makalavati, yale mabomba makubwa ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara. Mhandisi wa mradi, dada aliyemzidi elimu lakini mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, aliomba kumbukumbu za mto kutoka idara ya maji. Likaletwa daftari lenyewe. Alipolifungua mezani, Bwana Maji aliona mwandiko wake mwenyewe.

"Mto mpole huu," mhandisi alisema. "Mabomba mawili yanatosha kabisa. Wewe unaonaje?"

"Tukapaone kwanza," alijibu. Alitaka siku moja zaidi tu, ingawa hakujua ataifanyia nini.

Wakaondoka kesho yake. Njiani dereva alimtania kwamba leo kanywea kama anakwenda kukutana na mchumba wa zamani. Bwana Maji akacheka kidogo, akageukia dirishani.

Karibu na mto kulikuwa na nyumba moja, ya mama mmoja mfuga bata ambaye watu wote walimwita Mama Bata. Aliwakaribisha ndani, akawapa viti, kisha akamkazia macho Bwana Maji, aliyekaa karibu na mlango.

"Huyu si Bwana Kiangazi?"

Mhandisi akacheka. "Sisi tunamwita Bwana Maji. Kwa nini Kiangazi, mama?"

Mama Bata alikuwa amefungua kinywa ajibu. Akauona uso wa mgeni wake ulivyoshuka, akakifunga. "Ni utani wetu tu wa huku," alisema. "Alikuwa anapenda jua."

Laiti angemsema. Fadhila ile ilimchoma Bwana Maji kuliko ambavyo angechomwa na matusi, maana hakuwa amemfanyia mama yule jambo lolote la kustahili kufichiwa siri.

Mhandisi akauliza maji hufika wapi mvua zikikolea. Mama Bata akasimama, akawaonyesha ukuta wa jikoni. Palikuwa na mistari iliyokwaruzwa kwa msumari, kila mstari na mwaka wake, na wa juu kabisa ulimfika kifuani.

"Mwaka wa huu mstari wa juu, bata wangu walihamia juu ya kabati. Bata, mwanangu, kiumbe anayeogelea. Wiki nzima maji yalinifika magotini kwenye njia ile, na nilikuwa napita kila siku kupeleka mayai."

Mhandisi alifungua daftari kwenye mwaka uleule, kurasa za miezi ya mvua. Akakunja uso. "Hapa pameandikwa kimo ambacho hata ukingo hakivuki. Maji yasingefika mlangoni, achilia mbali kifuani." Akamgeukia Bwana Maji. "Aliyekuwepo ni wewe. Tufuate lipi?"

Naye akajibu kwa sauti ya ofisini, laini, bila kumtazama mwenye nyumba. "Watu wakiogopa maji huyaona makubwa kuliko yalivyo."

Mama Bata hakubishana. "Sawa," alisema. "Wasomi ni nyinyi." Akaenda kuwatazama bata wake.

Nje, mhandisi alitandaza mchoro kwenye boneti ya gari na kuchomoa kalamu. Bwana Maji alisimama nyuma yake. Alijua hesabu ile kuliko yeyote. Barabara itainuliwa kwa tuta, na tuta lenye matundu mawili tu ni ukuta. Mvua kubwa ikija, maji yatarudi nyuma yakitafuta pa kupita, na kitu cha kwanza yatakachokikuta ni ule mlango aliokaa karibu nao muda mfupi uliopita. Mstari wa kifuani utakuwa wa kichwani. Na yeye ameshamwambia mwenye nyumba kwamba ni mwoga.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Usitie sahihi," alisema. "Hilo daftari ni la uongo. Niliandika mwenyewe, nimekaa mgahawani. Misimu mitatu. Aliyesema kweli ni yule mama."

Dereva alishuka kwenye gari, akaona hali ilivyo, akapanda tena. Mhandisi alifunga kalamu taratibu.

"Na daraja la kule chini, wanalopita watoto wa shule? Walilijenga kwa kumbukumbu zipi?"

Jibu alikuwa nalo tangu daftari lilipofunguliwa mezani. "Hizi hizi."

Mhandisi akampa futi ya chuma. "Nenda kapime ule mstari. Mimi napiga simu. Kesho utayasema haya mbele ya ofisi nzima, kwa mdomo wako."

Akarudi ndani, peke yake. Mama Bata alimshikia ncha moja ya futi bila kuulizwa, yeye akachuchumaa chini na ncha nyingine. Wakapima. Akaandika.

"Nisamehe, mama. Miaka yote niliwaambia watu kwamba njia ilikuwa haipitiki."

"Ilikuwa inapitika," Mama Bata alisema, akiachia futi. "Mayai yangu nilikuwa nauza pale mgahawani. Nilikuwa naingia nimelowa mpaka magotini, nakukuta umekaa na daftari lako. Wewe ulikuwa unakula mawili."