Wimbo wa Kuzikia

Antuco Perugachi alijua nyimbo arobaini za fidla, lakini abiria wa treni za chini ya ardhi pale stesheni ya Roosevelt walitaka mmoja tu, na ndio huohuo asiotaka kuupiga.

Kwao ng'ambo, vilimani Imbabura, ukoo wake huupiga wimbo huo wakati maiti akiwa bado ndani ya nyumba, basi. Ukipigwa ovyo unaita mtu mwingine kaburini. Antuco aliupiga hapa New York siku aliyozikwa mama yake kule kwao. Angefanyaje? Kesi yake ya ukimbizi ilikuwa haijasikilizwa. Akitoka nchini harudi, na mkewe na bintiye wako hapa. Akasimama stesheni, akapiga huku machozi yanamtoka. Mpita njia akamrekodi, akamrusha mtandaoni. Tangu hapo watu humtafuta, na bila wimbo huo kofia ya kuwekewa pesa hurudi nyumbani tupu.

"Ule wa kulia, tafadhali!" alisema mama mmoja asubuhi hii, mfuko wa mboga mkononi.

Antuco alisita.

"Piga, kaka," Wilmer, mpiga gitaa mwenzake, akamnong'oneza. "Kama unaita mtu kweli, utajie jina la mama mkwe wangu."

Antuco akacheka, akapiga, akijiuliza kama kila siku: Leo namwita nani? Treni ikaingia kwa kishindo, watu wakashangilia.

Saa sita simu ikalia. Ilikuwa ya baba yake.

"Taita! Baba! Nani amekufa?"

"Huku hatujambo wote. Mimi ndiye nakuuliza. Watoto wa jirani wamenionyesha kwenye simu zao. Wimbo tuliomzikia mama yako unaupiga kila siku. Huko kwenu mnazika kila siku?"

"Wanaupenda, Taita," alisema, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Mzee alikohoa, kikohozi kirefu ambacho Antuco hakuwahi kukisikia.

"Haya. Siku yangu ikifika hutaweza kuja, hilo nimeshalimeza. Lakini mimi utanipigia nini, mwanangu?"

Wilmer alikuwa ameshaanza kupapasa nyuzi za ule wimbo, na watu wanasogea, wamewazunguka, simu juu. Mama wa mboga alikuwa amerudi na dada yake.

Antuco akatia simu mfukoni, akainua fidla. Baba yake alikuwa bado hajakata simu, anasikiliza.