Kazi Ambayo Emérita Hakuiandika

Asubuhi Emérita alipotoka Burungu, ukungu ulikuwa umelala juu ya malisho. Ng'ombe wa baba yake hawakuonekana. Milio yao tu ilimfikia, kama inatoka chini ya maji. Alitembea ndani ya weupe ule bila kuona miguu yake, akirudia maneno aliyofundishwa na kaka yake Straton: "Nilikuwa sekretere miaka miwili." Kadiri alivyoyarudia, ndivyo yalivyofanana na kweli. Alijiona kwenye meza safi, dirisha wazi, karatasi zikipepea.

Hakuwahi kuwa sekretere, wala kufanya kazi ofisini. Alipata diplome, kisha akarudi kukamua. Sasa ajansi moja ya kutafutia watu kazi ilikuwa inapokea maombi Kitchanga, ndani ya sale, ule ukumbi wa parokia, na Straton alisema asiye na uzoefu hatazamwi.

Mama Myriam wa ajansi alisoma karatasi yake ya maombi, yenye ile miaka miwili, bila haraka.

"Dada Emérita, chef aliyekuongoza mule biro alikuwa nani? Tutamupigia simu. Njo kawaida yetu."

Emérita alitazama mikono yake. Jina la kubuni lilimfika ulimini, likakataa kutoka.

"Mama, munisamehe. Sikukuwaka sekretere."

Myriam aliweka kalamu chini. Hakukasirika.

"Sasa ile miaka yote ulikuwa unafanya nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa tu na ng'ombe ya papa. Nakamua, napokea maziwa ya majirani, naangalia kama hawakutia maji."

"Unajuaje?"

Emérita alifumba macho ili aeleze vizuri. "Nachovya kijiti. Maziwa ya kweli inashikamana, inateremuka polepole. Yenye maji inakimbia. Na kama kiwele iko mugonjwa, unasikia chumvi kidogo kwenye ulimi." Alipokuwa anasema, sale ilimpotea kabisa, alisikia maziwa yakipiga ndani ya ndoo, akanusa majani yenye umande. Alipofumbua macho, Myriam alikuwa anamsogezea karatasi nyeupe.

"Andika hayo. Usiandike 'nilisaidia nyumbani', andika kazi yenyewe. Halafu weka numero yenye kupatikana, na kila juma unitumie mesaje kwamba ungali unatafuta. Wengi wanaacha jina hapa, wanaenda kulala. Na muntu akikuomba franga kwa jina letu, usimupe. Anayetulipa iko yule mwenye kutafuta wafanyakazi."

Straton aliposikia, alisonya. "Ulikuwa na mulango wazi, ukaufunga mwenyewe!"

Emérita naye aliogopa hivyo hivyo. Nyumbani hakukuwa na rezo ya simu, kwa hiyo kila siku ya kwanza ya juma alipanda kilimani, akasimama mawingu yakiwa chini yake, akatuma mesaje ileile. Majuma manne alijibiwa neno moja tu: "Asante." La tano, simu ililia mkononi mwake kabla hajaandika lolote.

"Kuna fromageri, pa kutengeneza jibini, karibu na Muheto," Myriam alisema. "Wanataka muntu wa kupokea na kupima maziwa. Miezi tatu kwanza. Haiko biro, dada."

Kwa kitambo kidogo Emérita aliiona ile meza yake safi ikielea mbali, akaiacha iende.

"Nitakubali. Lakini kontra ya kazi nitasinya na nani, nyinyi ao wao?"

"Na sisi. Umeuliza vizuri."

Siku ya kuanza, Straton mwenyewe alimpeleka kwa piki. Walipofika tu, akamfutia matope kwenye mkoba kwa mkono wake. "Sikujua kama ile yako inaitwa kazi," alisema, bila kumtazama.

Ndani, meneja alimpa kontra iliyotumwa na ajansi na kumwonyesha pa kutia sahihi. Emérita aliomba kiti. Alisoma kurasa zote tatu, meneja akisubiri mlangoni, kisha akaandika jina lake lote, taratibu. Mwanamke mmoja akamvalisha koti jeupe. Mikono ya koti ilikuwa mirefu mno, wakaikunja pamoja wakicheka.