Goti la Bimdogo

"Usiniambie ni saa, Bimdogo! Saa gani inafungwa mguuni?"

Barke amesimama katikati ya ua wangu, mwiko mkononi. Bimdogo amekalia mbuzi anakuna nazi, na chini kidogo ya goti lake simu imefungwa kwa kitambaa.

"Barke, dadangu, punguza sauti. Nyumba ina wageni."

"Nao wasikie! Hiyo ni simu ya Athman. Mume wangu Mansur wiki ya tatu hii amemwekea mumeo nafasi chomboni, kisa simu inasema goti linakunjika. Nami namwita Athman mvivu mbele za watu! Kumbe goti lenyewe ni lako!"

Niliacha tui nikatoka jikoni. Ugomvi uani kwangu kisha nisimuliwe na wengine? Haiwezekani.

Athman, mume wa Bimdogo, ni mvuvi wa kamba. Aliteleza kwenye miamba ya kisiwa cha Koyama, goti likapinduka. Hapa Kismayo akapata nafasi katika mpango wa daktari mmoja wa Mombasa, Safiyya, mtoto wa Kibajuni aliyezaliwa kambi ya wakimbizi. Unafunga simu mguuni, unakunja, unanyoosha; simu inapima digrii za kukunjika, inahesabu kwa sauti, asubuhi inakutajia kubwa ya jana, na Safiyya anayaona majibu huko huko aliko.

Bimdogo alitua kifuu. "Kila asubuhi ilimwambia arubaini na tano. Arubaini na tano tu! Mchu mzima anageukia ukuta, hali, hasemi. Nikasema niisaidie kidogo. Nakaa, nainuka, nakaa, nainuka, nazi tatu. Kesho yake ikamwambia sitini. Wallahi alikula mkate mzima."

"Na leo imefika ngapi?" aliuliza Barke.

"Mia na thelathini."

Hapo simu ikatetemeka mguuni pake, ikasema kwa sauti ya bibi harusi: "Hongera, Athman! Umekamilisha mazoezi yako. Tunakutakia afya njema."

Barke akaangua kicheko, nami nikamfuata, Mungu anisamehe. Kisha tukamwona Athman mlangoni, ameegemea mkongojo, mguu wake umenyooka kama mchi.

"Nipe simu yangu," alisema.

Bimdogo alihangaika na fundo mpaka Barke akaja kulikata kwa kisu. Athman akampigia Safiyya, akaweka sauti juu, akamweleza yote bila kumtaja mkewe. Alisema tu, "Majibu hayakuwa yangu, daktari."

Upande wa pili palikuwa na kelele za watoto. "Kaka Athman, linakunjika kiasi gani hasa?"

"Arubaini na tano. Siku nyingine halifiki."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Wale waliokuwa chini ya sitini wiki ya sita niliwaleta Mombasa wakalegezwa goti. Nauli, vibali, kila kitu. Jina lako sikuliweka, niliona unaendelea vizuri." Akawatuliza watoto. "Mpango umefungwa, kaka. Na wiki kumi na sita tangu uumie ni nyingi. Hilo limeshakakamaa."

"Nikiendelea kulikunja?"

"Endelea, lisizidi kukaza. Lakini chomboni... sitaki kukudanganya."

Athman alimshukuru, akasema amsalimie mamake, akakata.

Bimdogo alikuwa amejifunika uso kwa leso. Nilingoja Athman amtukane mkewe, na hata Barke alingoja, mwiko umeshuka. Athman akasema, "Nilipoona nambari inapanda, nilijua goti limepona, ila mimi ndiye mwoga wa maumivu. Nikalilazimisha. Asubuhi zote zile nilililazimisha."



"Nitamwambia Mansur atafute mtu mwingine," alisema Barke, na safari hii alisema polepole.

"Mwambie."

Athman akageuza mkongojo aondoke. Ndani wageni wangu walikuwa wameshalizunguka sinia, wali wa zile nazi za kwanza za Bimdogo unafuka mvuke, magoti kwa magoti. Nikawapigia kelele wasogee, waache nafasi ya watu wawili, ya mtu na mguu wake.

"Athman, mwanangu, unakwenda wapi? Ingia ule."