Fuwele ya Wiebke

Wiebke alikuwa na nafasi moja tu. Plutoni, ile metali yenye mionzi ya sumu, tuliyogawiwa hapo kwenye maabara ya Karlsruhe, Ujerumani, ilitosha jaribio moja, na muda wake wa kusomea shahada ya uzamivu ulikuwa unaisha kabla ya Krismasi. Alitaka kuishikanisha plutoni na kaboni kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiweza. Hewa ikiingia kidogo tu, kazi yote inakwenda arijojo. Ndiyo maana tunafanyia ndani ya sanduku la kioo, mikono tumeitumbukiza kwenye glovu nene zilizopachikwa ubavuni mwake.

Asubuhi ile fuwele zilikuwa zimeota. Mimi kazi yangu ni kuzipiga eksirei, nione nini kimeshikana na nini. Nikasimama pembeni nikisubiri anipe moja.

"Toa mikono tukanywe kahawa," nikamwambia. "Au umeolewa na hilo sanduku?"

"Ngoja."

"Mbona jasho linakutoka?"

"Jobst, funga domo ushike kichupa."

Sheria yetu ni kwamba ukitoa mikono, kabla hujajikuna hata pua, unaiweka kwenye kipimo cha mionzi. Wiebke hakuitoa. Aliokota fuwele kwa ncha ya sindano, akaiziba kwenye kichupa chembamba, akanipitishia kwenye kijidirisha cha ubavuni. Hapo ndipo alipochomoa mikono, na kipimo kikapiga yowe. Kidole cha shahada kilikuwa na tundu la sindano, na damu yake ilishakauka.

"Umejichoma saa ngapi?"

"Ningekwambia wangefunga sanduku."

Nilimkasirikia. Ana akili za kugawa, lakini siku ile alizisahau nyumbani.

Hospitalini walimkata nyama, kesho yake wakarudi kukata kidole. Daktari hakumficha. Dawa hufaa ikiwahi, na plutoni iliyobaki mwilini ilishatulia mifupani, haitoki.

Mimi nikapima fuwele. Picha ilikuwa safi kabisa. Nikairudia, nikitumaini nimekosea, kisha nikaenda kumwona nikiwa na machungwa.

"Imeshikana?" aliuliza hata kabla sijaketi.

Sijui kupamba maneno. Nikaanza kummenyea chungwa, maana yeye asingeweza. "Ni ileile uliyomimina mwanzoni," nikasema. "Haikushika kitu."

Aliitazama bendeji yake.

"Basi imeshika kwangu tu."

Nikaendelea kumenya.