Donge la Jana

Shangazi anaoka mikate, mimi nafuga seli. Ndivyo anavyotutambulisha kwa wateja wake, utadhani nafuga bata. Seli zenyewe ni zake. Daktari alipomtoa uvimbe kwenye utumbo mpana aliomba kipande kidogo, Shangazi akakubali, kikaletwa maabara kwetu. Tangu hapo namtazama kila asubuhi kwa darubini, ameshika chini ya chupa katika maji ya rangi ya waridi, na mara nyingine nasahau kwamba huyu si yeye mzima.

Uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini, lakini dawa ikaufuta. Picha ya mwisho ilionyesha ini safi. Daktari akataka aanze dawa ya pili, Shangazi akakataa katakata. Vidole vilikuwa vimeshikwa ganzi, hasikii tena unga ukilainika mikononi.

"Nimepona, mwanangu. Mnanitafutia nini tena?"

Hata kwenye chupa yangu, baada ya kuitia dawa ileile, hakuna seli iliyobaki imeshika chini.

Siku moja nikamkuta mwenzangu wa kazi, tunayemwita Nadhifu, akimwaga maji ya chupa ile kwenye kopo la taka. Kwetu ndivyo tunavyofanya: seli hai hushika chini, zinazoelea huhesabiwa zimekufa.

"Weka chini hiyo!" nilimjia juu.

"Dada, hizi ni maiti."

"Hata maiti za shangazi yangu humwagi bila kuniuliza!"

Ilikuwa hasira tu. Nilitaka kumuaga Shangazi wa kwenye chupa. Nadhifu akanipa kopo taratibu, kama anayembembeleza mtoto, nami nikatia tone chini ya darubini.

Katikati ya makombo kulikuwa na vidonge vichache vya seli, vya mviringo, vinang'aa, vimetulia tuli. Nikavihamishia kwenye chupa mpya. Siku zikapita nikiwa kama nimelala macho wazi, nikiona mikate ikipaa polepole hadi darini mwa duka la Shangazi, na yeye chini yake anaicheka. Vidonge navyo vikashuka, vikashika, vikazaa seli za kila namna, hadi uvimbe uleule ukarudi mbele ya macho yangu.

Nadhifu aliacha utani. "Hizi ndizo mama. Zile nyingine zilikuwa watoto. Dawa inawapata wanaozaana mbiombio, hizi zilikuwa zimelala. Picha haiwezi kuziona. Ikiamka moja tu kwenye ini, inaanza upya."

Niliogopa. Kesho yake nikamleta Shangazi.

Aliinama kwenye darubini.

"Hili ni donge la jana," alisema.

Nilimwelewa. Kila jioni hukata donge la unga uliochachuka na kulihifadhi kwenye chungu, ndilo linaloumua mikate ya kesho. Chungu hicho aliachiwa na mama yake.

"Ukilisahau pembeni mwa bakuli, halikuombi ruhusa ya kuumuka," akaendelea. "Hiyo dawa ya pili inazifuata zilizolala?"

"Ndivyo daktari anavyotumaini."

"Na vidole vyangu?"

"Sijui, Shangazi." Machozi yakanitoka.

"Acha kulia, utaharibu darubini ya watu."

Jioni alikuja kwangu amekumbatia chungu.

"Sina mikono ya kulikanda mpaka nimalize hiyo dawa. Likae kwako. Mama aliniachia likiwa hai."

Sasa kila asubuhi nalilisha unga na maji, kisha naenda kazini kuzilisha zile nyingine, tunazozijaribia dawa. Leo alipiga simu kutoka hospitali, sauti imekwisha.

"Limeumuka?"

"Limeumuka, Shangazi."

"Basi usilimwage. Nakuja kulichukua."