Mbuzi Hawatoki

Mvua za mwaka ule zilipopitiliza na mabonde ya Nangwa kugeuka madimbwi, mbuzi wa zizi la Efrazia walianza kutupa mimba: watatu siku ya kwanza, sita siku ya pili. Afisa mifugo alichukua damu, akasema huenda ni Homa ya Bonde la Ufa, akakataza mnyama yeyote kutoka mpaka majibu yarudi.

Efrazia, mhudumu wa mifugo wa kijiji, aliijua homa hiyo. Mayai ya mbu hulala kwenye udongo mkavu miaka mingi, mengine yakiwa na kirusi ndani. Mafuriko yakija, vyote viwili huamka pamoja. Mbu humpa mbuzi, damu ya mbuzi humpa mtu. Na aina mbili za kirusi zikikutana ndani ya mnyama mmoja, zinaweza kubadilishana vipande, ikazaliwa ya tatu. Kila boma jipya ni nafasi nyingine.

Mbuzi kumi na mmoja humo walikuwa wa Joakimu, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Aliwaweka kwa Efrazia kama wazee walivyofundisha: mali haikai boma moja. Siku ya tatu akafika kutoka Balangdalalu.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba. Fungua lango. Nawagawa maboma manne kabla hawajaisha.”

“Hawatoki.”

“Mbuzi wa nani?”

“Wako. Lakini ukiwapeleka maboma manne, ugonjwa nao umeupeleka maboma manne.”

“Babu aligawa hivyo hivyo, hakufilisika.”

“Babu aligawa wazima.”

“Basi wachanje!”

“Chanjo si dawa. Sindano moja ikizunguka zizi lenye ugonjwa, inafanya kazi ya mbu. Na mbu walau hana haraka kama wewe.”

Joakimu alicheka bila kutaka, kisha akakunja uso. “Semina tatu, umekuwa daktari! Shamba hili ni la ukoo, Mama Patriki. Ukoo ukisema uondoke, utaondoka.”

“Waseme.”

Mbuzi mmoja akalia. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimetoka, kimekufa, na mama yake alikuwa anasukuma bila nguvu. Joakimu, aliyezalisha mbuzi tangu utoto, aliruka uzio na kunyoosha mikono mitupu. Efrazia akamchapa fimbo kwenye kifundo cha mkono.

Katika ukoo ule hakuna mwanamke aliyewahi kumpiga kaka wa mumewe.

“Umenipiga.”

“Nimekupiga. Kidole chako kina kidonda, na majimaji yale ndiyo njia. Waambie wazee nimekupiga, na uwaambie ulikuwa unataka kushika nini.”

Alivaa glovu, akamvuta mtoto, akamtumbukiza kwenye shimo la kuchomea. Joakimu alikuwa ameshatoka nje ya uzio, anajisugua mkono.

“Jumapili utasimama mbele ya ukoo.”

“Nitasimama. Sasa nawa.”

Akampa sabuni na kopo la maji. Joakimu alinawa mpaka viwikoni, amenuna, macho kwenye mbuzi wake. Efrazia aliongeza gogo la pili langoni.