Mizizi Iliyobaki

Mama Edith alikuwa na tezi la shingo na sukari, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani kijiji kizima cha Mollo. Daktari wa mjini alimweleza taratibu: tezi lake ndilo linalopandisha sukari, vidonge vikilituliza, sukari nayo itashuka, kwa hiyo asiongeze kitu kingine. Mama akaitikia vizuri, akarudi nyumbani, akamwambia binti yake Albina achemshe mizizi michungu ya kushusha sukari.

Albina akachemsha. Kliniki, nesi alipouliza kama mgonjwa anatumia dawa za kienyeji, Albina alijibu hapana, maana mama alikuwa amemkazia macho. Sukari ilikuwa imeshuka. Nesi akawasifu, nao wakatoka wakichekelea.

Ikafika Ijumaa Kuu. Padre alikuwa ametangaza kwamba wagonjwa wasifunge. Mama akasema padre mwenyewe ni mtoto wa juzi. Akameza vidonge vyake vyote vya siku hiyo, akashushia kikombe cha mizizi, uji wa ulezi akausukuma pembeni, akaenda kwenye Njia ya Msalaba.

Kituo cha tisa watu walipiga magoti. Waliposimama, mama alibaki vilevile, paji la uso chini. Albina aliona jasho limelowesha khanga yake, ingawa kulikuwa na baridi. Alidhani ni sala imemkolea, hata akajivunia. Akamwacha, akaendelea na wenzake vituo viwili zaidi. Aliporudi, mama hakuamka kwa kuitwa wala kwa kutikiswa.

Msibani Albina hakulia. Alipika, akapakua, akapokea pole. Ndani yake palikuwa patupu, na hilo halikumshangaza.

"Amekufa akisali," wanawake walisema. "Nani asiyetamani?"

"Kweli," alijibu.

Siku ya tatu akaja shangazi Salome, dada wa marehemu baba yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ile mizizi ya mama yako imebaki? Ilimshushia sukari vizuri, na mimi yangu imenishinda."

Mizizi ilikuwa kwenye kapu, karibu na jiko. Albina aliishika. Kusema imekwisha kungekuwa rahisi, ila shangazi angeinunua sokoni kesho yake, na kijiji kizima kingemsifia dawa.

"Kaa kwanza, shangazi," alisema. "Mama hakufa akisali. Sukari ilimwisha mwilini: vidonge, mizizi, na tumbo tupu. Mizizi nilimchemshia mimi, na nesi nilimdanganya mimi."

Shangazi akakaa. Albina bado hakulia.